Koti Lililopanda Treni Peke Yake

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilinianza. Baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa Kisumu, mmoja wa wale waliokaza mataruma ya chini ya reli na kung'oa majani katikati ya njia. Kifua kilimuua, na nyumba ya reli tuliyokaa ikamtaka mtu mwingine wa reli. Mama alikusanya vyungu vyake tukahamia Obunga. Shule niliiacha darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili wewe unayesoma ujue kwamba kuandika nilijifundisha mwenyewe, usiku baada ya kazi, na mahali mstari umepinda umepindwa na mkono wangu.

Stesheni nilirudi kama mchuuzi. Niliuza njugu na mayai ya kuchemsha madirishani mwa treni, na treni ikiondoka nilikimbia nayo nikidai changu. Nilichojifunza pale ni kwamba treni husubiri. Dereva aliwajua akina mama wa samaki kwa sura. Akimwona mmoja anakuja mbio na karai kichwani, alipiga honi akangoja. Nyuma kulikuwa na yule wa bendera ya kijani, na bendera haikuinuka mpaka aridhike. Treni ilikuwa na mtu mbele na mtu nyuma, na wote wawili walikuwa na macho. Niliukubali ukweli huo nikiwa mtoto na sikuwahi kuuchunguza tena.

Njugu zikazaa magunia, magunia yakazaa mashine ya kusaga, mashine ikazaa nyumba za kupangisha kule Migosi. Hakuna aliyenisaidia. Waliosema nitashindwa baadhi yao ni wapangaji wangu. Watoto wangu wote saba walisoma kwa unga.

Wa tatu, mvulana, alipenda treni. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikimpeleka stesheni, hata miaka ile ambayo treni zilikuwa zimekoma na nyasi zimefika kiunoni. Alitembea juu ya chuma, mikono ameinyoosha, akiniuliza ilipita wapi, ilikwenda wapi. Nilimwambia Nairobi. Alipokua akaenda huko kutafuta kazi, akakaa upande wa Syokimau, na nilipomtembelea jambo la kwanza alilotaka kunionyesha lilikuwa treni ya asubuhi ya kwenda mjini.

Nikaipanda. Tulibanwa mle kama omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye debe. Treni yenyewe ilikuwa ya zamani, ile ile ya rangi iliyochubuka, na njiani ilipiga honi kwa watu waliotandaza mitumba karibu na reli, nao wakakunja vitambaa vyao bila haraka. Kijana wangu aliona aibu kidogo.

"Baba, hii si treni ya mji," akaniambia. "Hii ni ya kijijini, imepotea njia."

Mimi niliipenda. Nilimwambia treni inayomwonea huruma muuza nguo ni treni ya watu.

Kisha moyo wangu ukaanza kusumbua, na madaktari wa hapa wakanituma India, kama wanavyotumwa wengi. Yeye ndiye aliyenisindikiza. Tulikaa Mumbai mwezi mzima tukingoja nipasuliwe, na siku ambazo nilikuwa na nguvu alinitoa tukapanda treni, kwa sababu hakuweza kuona treni akakaa kitako. Asiyewahi kuziona hizo asiseme ameona watu. Milango haifungwi kabisa. Watu wananing'inia nje wameshika chuma, na nguo zao zinapepea.

Siku moja yeye alipanda, mimi nikachelewa, na treni ikaanza kuondoka nikiwa chini. Nilitembea kando yake kama wakati wa njugu, ila sasa nilikuwa mzee mgonjwa. Akanyoosha mkono, lakini si wake tu. Mikono ya watu nisiowajua ilitoka mle, mmoja ukashika shati, mwingine mkanda, mwingine kwapa, nikainuliwa kama gunia la mahindi nikawekwa ndani. Waliendelea na mazungumzo yao. Mwanangu alinishikilia kifuani huku akicheka.

"Hapa haisubiri, Baba," akasema. "Lakini watu watakushika."

Nilipona. Yeye akapata kazi katika mji mmoja mkubwa wa Waarabu, ambao jina lake nimelichoka na sitaliandika. Kazi ilikuwa kusafisha stesheni na mabehewa ya treni ya mjini. Kila wiki alinitumia sauti kwenye simu, na karibu zote zilikuwa za treni, kama mtu anayempa mgonjwa habari za nyumbani. Alinilinganishia. Mumbai unasikia watu, huko unasikia mwanamke aliye darini anayetaja stesheni. Nairobi kunanuka jasho, huko kunanuka sabuni, na sabuni hiyo ni yeye aliyeipaka. Tena hiyo treni haina dereva. Kiti cha mbele kabisa ni cha abiria, na watoto hukaa hapo wakijifanya wanaiendesha.

Nilimuuliza, sasa mtu akichelewa nani humngoja. Akacheka. Akasema mlango unafunguka, unahesabu kidogo, unajifunga, basi. Hayo maneno aliniambia kwa kinywa chake. Niliyasikia kama unavyosikia habari za mvua ya mahali pengine.

Mwaka ule wa barakoa akaugua. Ndege hazikuruka. Akafa huko, wakamzika huko, na sisi tukaona kwenye simu ya mwenzake wa chumbani: mchanga, wanaume wanne waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, na kibao chenye namba.

Nisimame hapa nieleze, maana si kila anayesoma ni mtu wa ziwani. Kwetu mtu halali ugenini. Akifa mbali, unakwenda kumchukua, na mwili usipopatikana unamwita. Unakwenda mahali alipo, unamwambia kwa jina lake kwamba umekuja, kisha unarudi naye, na njiani unamwambia kila kitu. Tunapinda hapa. Tunavuka mto sasa. Tumefika lango. Usipomwambia, anaweza kubaki pale ulipokata kona. Gari la maiti likifika daraja la Nyando dereva husimama bila kuambiwa, mzee wa familia anashuka, anazungumza na aliyemo, anapanda, safari inaendelea. Nyumbani unazika tunda la yago, refu na zito kama mkono wa mtu mzima, mahali pa mwili usiokuwepo, pamoja na nguo yake.

Mama yake hakulia. Siku ile ya simu aliingia jikoni akafunga mlango, akatoka macho makavu. Aliifunga simba ya kijana wetu, yaani ile nyumba ndogo ambayo mvulana hujenga bomani kabla ya kuoa, akaziweka funguo kifuani. Wanawake wenzake walikuja kulia naye, akawapa chai wakaenda. Kwangu alisema jambo moja.

"Niletee mtoto wangu kwanza."

Miaka ikapita hivyo. Ndege ziliporudi moyo wangu ulikataa, na daktari akakataa pamoja nao. Mke wangu alinikondea machoni. Alipika, alilima, alikwenda kanisani, lakini ilikuwa kama mtu aliyeshika pumzi. Daktari aliponiruhusu nilikwenda wiki iyo hiyo, na binti yetu wa mwisho, ambaye ni mwalimu, akaniongoza.

Mwenzake wa chumbani alikuwa amelitunza koti la kazi. La kijani, lina mistari inayong'aa, lilikuwa bado kwenye msumari. Tulikwenda nalo makaburini nje ya mji. Hakuna mti. Nilipata namba yake, nikalitandaza koti juu ya mchanga, nikamwita kwa Dholuo jina lake la nyumbani. Nikamwambia mimi ni baba yako, nimechelewa, nilikuwa mgonjwa, amka twende. Binti yangu alisimama nyuma yangu akilia kimya. Nilikunja koti nikaliweka kwenye mfuko mweusi wa kusafiria, peke yake, bila kuchanganya na nguo zangu.

Binti alitaka teksi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Nikasema hapana, mtu akiacha kazi huaga. Apitie stesheni yake. Kwa hiyo tukanunua kadi, tukapanda treni.

Ilikuwa kama alivyosema. Safi kupita hospitali, baridi, watu wanatazama simu. Nilikaa na mfuko magotini nikimwambia kwa sauti ndogo: tumeingia, tunaondoka, hapa kuna jengo refu, unalijua. Watu hawakunitazama hata kidogo. Nairobi mtu angeniuliza, Mzee, unaongea na nani? Mumbai wangesogea wakanipa nafasi. Pale nilikuwa huru kama kichaa.

Tukafika ile stesheni kubwa ambapo njia mbili hukutana na lazima ubadilishe. Ndiyo ilikuwa stesheni yake. Tukashuka, tukapanda ngazi inayotembea yenyewe, tukafika upande wa pili. Treni ikaja, ukuta wa vioo ukafunguka. Nikafanya kama tunavyofanya. Mwenye safari hutangulia. Niliuingiza mfuko nikauweka chini, mlangoni kabisa, nikarudi hatua moja nje ili nimweleze kwamba hapa tunabadilisha njia, kwamba hii ndiyo stesheni yake, awaage wenzake. Ndivyo unavyomwambia mtu mtoni. Unashuka, unasema, unapanda.

Nilikuwa nimelitaja jina lake tu. Kioo kikajifunga, na kingine nyuma yake. Binti yangu alikuwa amenishika mkono. Tuliona mfuko mweusi umekaa sakafuni kati ya viatu vya watu, kisha ukaanza kwenda. Nilipiga kioo. Niligeuka kumtafuta mtu wa bendera. Nilitazama mbele kumtafuta dereva, na mbele alikuwepo mtoto wa kike ameegemea kioo, anatuangalia.

Mwanangu akaenda peke yake.

Akaja mlinzi, kijana mrefu, na nilipomsikia akizungumza na binti yangu nikamjua kwa lafudhi kuwa ni mtu wa Busia. Akageukia Kiswahili.

"Mzee, tulia. Kwenye mfuko kuna nini?"

"Kuna mtoto wangu."

Alimtazama binti yangu. Binti akaeleza, koti, kaka, alikuwa akifagia hapa hapa. Yule kijana akavua kofia yake akaishika.

"Mzee," akasema polepole, "nikisema mtoto kwenye redio watasimamisha mji mzima. Nitasema koti. Utanisamehe?"

"Sema koti. Yeye ataelewa."

Akasema koti, akataja na jina la mwenyewe. Tukaambiwa mfuko umeonekana, utashushwa mwisho wa njia, ufunguliwe na wanaohusika, urudishwe. Tukangoja. Treni zilikuja na kwenda, zikifungua na kufunga, na mimi nilikaa kwenye benchi la chuma nikilinganisha, kwa sababu yeye alinizoesha kulinganisha. Kisumu dereva angeshuka akauliza ni nani amekufa, wa ukoo gani, na angevua kofia. Mumbai mkono ungetoka ukaunyakua mfuko, au ungeninyakua mimi. Nairobi huenda mtu angeuiba. Lakini hata mwizi ni mtu. Angeufungua, angeona koti la marehemu, angeogopa na kuuacha mahali. Hapa hakukuwa na wema wala uovu. Kulikuwa na mlango. Nilimwambia binti yangu kwamba mji huu ni mzuri kuliko yote niliyoiona, na kwamba sasa najua mwanangu aliishi wapi. Binti alikuwa akinisugua mgongo kama unavyomsugua mtoto aliyekula vibaya.

Kisha mlango mmoja ukafunguka na mwanangu akatoka. Ndivyo macho yangu yalivyoniambia. Koti la kijani, mistari inayong'aa, mwendo wa mtu aliyesimama tangu alfajiri. Nilikuwa nimeshainuka. Alipokaribia nikaona uso ni wa watu wengine, mlinzi akasema ni Mnepali. Alikuwa ameushika mfuko kwa mikono miwili, mbele, kama unavyobeba chakula cha mgeni. Akanipa akainama.

Hatukuwa na lugha. Mlinzi akatufasiria: huyu alimjua. Walifagia pamoja. Aliposikia kwenye redio ni koti la nani, aliomba aulete yeye, na njia yote ameupakata, hakuuweka sakafuni.

Nilimshukuru kwa Dholuo, maana lugha nyingine zote zilikuwa zimenitoka. Kisha nikaufungua mfuko. Koti lilikuwa limekunjwa upya, mkunjo mwingine, si wangu. Nikamwambia mwanangu yale niliyotaka kumwambia mlangoni. Sikujua kama nasema na mtu au na kitambaa. Tangu siku ile sijajua.

Nairobi nilikataa ndege ya Kisumu. Nilisema atarudi kwa ile njia niliyomwonyesha akiwa mtoto, kwa sababu sasa treni ya kuja huku imefufuliwa, ingawa si ya kila siku. Tulilala njiani. Asubuhi tukiwa Muhoroni kwenye miwa, nilianza kumwambia stesheni moja moja: Kibigori hii, Miwani hii, Kibos hii. Mama mmoja wa kiti cha mbele alinisikia, akageuka, akaona mfuko magotini, akaelewa. Aliwaambia vijana waliokuwa wakipiga muziki wazime, wakazima. Behewa zima likanyamaza hadi Kisumu. Treni ilikwenda polepole sana, ikisimama hata mahali pasipo na stesheni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuilaani.

Pale Ahero, kwenye daraja la Nyando, dereva wa gari tulilokodi alisimama mwenyewe. Nikashuka, nikasema, nikapanda.

Nyumbani, nje kidogo ya Katito, wazee walikuwa wameshakaa na yago limeshachumwa. Niliwaeleza yote, kwa kuwa siwezi kusema uongo mbele ya kaburi. Kaka yangu mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alipokwenda peke yake," akauliza, "nani alimwambia ageuke?"

Nikasema alirudi na mwenzake.

"Nimeuliza nani alimwambia, bwana. Kwa lugha gani?"

Akasema basi kijana yuko kule mwisho wa njia, amekaa, anangoja aambiwe. Umeleta nguo. Mwingine akasema nirudi nikamchukue upya. Wa tatu akakumbusha moyo wangu. Walibishana juu ya kichwa changu kama watu wanaopima ng'ombe, na mimi niliyejenga boma lile kwa mikono yangu nilikaa kama mgeni.

Mke wangu alitoka jikoni. Hakusalimia mtu. Alilichukua koti, akaweka kola puani. Lilifuliwa zamani na mwenzake wa chumbani. Mimi nilikuwa nimelinusa mara nyingi na sikupata kitu ila vumbi la msumari. Yeye akalivaa. Mikono ilimzidi ikamfunika vidole. Akaenda kwenye simba, akatoa funguo kifuani, akafungua, akakaa kizingitini miguu imenyooshwa, na kilio alichokizuia miaka yote kikatoka.

Sitakieleza. Kaka yangu alinyamaza katikati ya neno. Akavua kofia, akachukua jembe yeye mwenyewe, mzee yule, akaenda kuanza shimo mbele ya simba. Tulizika jioni. Ilibidi binti yetu amvue mama yake koti taratibu, mkono mmoja, kisha mwingine.

Kaka yangu hajawahi kusema alikosea, wala sijamuuliza. Siku ambazo treni inafika asubuhi nakwenda stesheni ya Kisumu. Nakaa mpaka abiria wa mwisho ashuke na mabehewa yafagiliwe. Mke wangu anajua. Kuna siku aliniuliza nakwenda kumpokea nani, na mtu wetu analala hapa. Nikamwambia napunga hewa. Akaniwekea viazi kwenye mfuko nile huko.

Nina ploti Migosi yenye nyumba za kupangisha. Nina mashine ya kusaga Obunga, inafanya kazi. Nina shamba Katito, na ng'ombe, na mbuzi. Nina boma lenye lango la chuma. Nina mke mmoja. Nina watoto sita wanaopumua. Nina simba moja isiyofungwa tena kwa funguo, na mbele yake kaburi lenye tunda na koti. Nina kadi ya treni ya mji ule, na binti yangu anasema lango la stesheni bado litaikubali siku nikirudi.